Mama Mkwe na Feni ya Chini ya Maji

Jumatatu, 9 Juni

Mama mkwe anahama! Ametuita sote nyumbani kwake jioni, akatuwekea chai, akasubiri tumeze, ndipo akasema. Magoti yake yamegoma kupanda ngazi. Nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja. Atakwenda kuishi ama kwetu, yaani mimi na mke wangu, ama kwa shemeji yangu, kaka yake mke wangu. Uamuzi atautoa Jumapili. Hataki kushauriwa.

Naandika hapa kwa kuwa shajara haina mdomo: namtaka kwetu. Namtaka sana. Si kwa ajili ya mapishi yake, ingawa mapishi yake siyakatai. Mama yangu alifariki nikiwa bado navaa kaptura. Huyu ndiye aliyeniita mwanangu siku ile nilipokwenda kujitambulisha nikiwa na viatu vya kuazima vilivyonibana hadi nikatembea kama bata. Hakucheka. Alileta beseni la maji ya moto yenye chumvi, akaniambia nivue.

Kwa hiyo nikaanza kueleza jinsi chumba chetu cha chini kinavyopata jua. Nani akanikata kauli? Shemeji. Tunamwita Nahodha. Anauza bima, lakini ana boti ya kutembelea ziwani mwishoni mwa wiki, na kofia nyeupe yenye nanga aliyoinunua kabla ya boti. Huivaa hata benki. Akasema mtu mzima anahitaji nyumba yenye mwanamume anayejua kushika spana. Kisha akawakumbusha wote habari ya balbu.

Balbu! Nilibadilisha balbu moja tu, na mtaa mzima ukawa giza. Ilikuwa sadfa! Mpaka leo hakuna aliyethibitisha kwamba ni mimi.

Mama mkwe alicheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Mke wangu naye. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu.

Lazima nitafute njia.

Jumanne, 10 Juni

Njia imepatikana! Imenijia nikipiga mswaki.

Jumamosi nitakodi boti, nimpeleke mama mkwe ziwani kupunga upepo. Tukifika katikati, propela itapata matatizo. Wote watahamanika. Mimi nitatulia tuli. Nitakunja mikono ya shati, nitashika spana, nitatengeneza, tutarudi. Nani atakumbuka balbu baada ya hapo? Hatari hakuna, maana matatizo nitayaleta mwenyewe, na nitakuwa nayajua kwa majina.

Nimefunga duka langu la mapazia mapema, nikaenda gatini kwa fundi wa boti. Ni mtu mnene mwenye redio ndogo, na mdomo wake haujawahi kuwa mtupu. Anatengeneza injini na kukodisha boti. Nikamwambia nataka kujifunza habari za propela, kwa faida ya elimu tu. Akanisogezea kigoda.

Somo lenyewe ni jepesi. Kamba ikijizungusha kwenye propela, zima injini kwanza. Usiwe na haraka. Inua injini itoke majini. Izungushe propela kwa mkono kinyume cha ilivyojifunga, kata panapokataa. Ikishindikana, chomoa pini, fungua nati, vua propela nzima, safisha, rudisha. Akaniachia injini kuukuu iliyofungwa kwenye gogo, nikafanya mazoezi. Mara ya kwanza nati iliingia kwenye kiatu changu. Mara ya pili iliingia kwenye chakula chake. Akaitoa, akaifuta, akaendelea kula.

Akanionya jambo moja: ukifungua nati ukiwa juu ya maji, tandika kitambaa au ndoo chini yake, maana ziwa halirudishi. Nikamwambia hilo halihitaji kusemwa kwa mtu mzima.

Jumatano, 11 Juni

Kuchagua kamba kumenichukua asubuhi yote.

Dukani kwangu nina kamba za pazia za kila aina. Ya pamba ndiyo inayofaa kwa kazi hii: ni laini, inakatika hata kwa meno. Lakini ina rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nimeitazama mara mbili. Mama mkwe atakuwa pale, atainama, ataona kamba iliyotoka kwenye propela. Siwezi kumwaibisha kwa kamba ya namna ile. Nimechukua nailoni ya dhahabu, bunda zima jipya, ile ambayo mimi mwenyewe nimeandika juu ya rafu yake kwa wino mwekundu: HAIKATIKI.

Mchana nilifanya mazoezi ya uso mtulivu mbele ya kioo cha dukani. Macho nusu, taya imekaza kidogo, pua pana. Mke wangu akaingia kuniletea chakula. Akauliza ni jino lipi linaloniuma.

Mke wangu anafundisha hesabu. Uso wangu anausahihisha kama daftari la mwanafunzi. Itabidi nijihadhari.

Alhamisi, 12 Juni

Ameona begi. Akauliza kisu chake cha jikoni kinafanya nini humo, pamoja na spana, glavu na bunda la kamba. Nikajibu haraka kwamba ni maandalizi ya mapazia.

Akauliza mapazia ya nini.

Nikasema ya boti. Ili mama asichomwe na jua.

Akanitazama. Akatabasamu. Akasema hilo ni wazo zuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo.

Kwa hiyo sasa inabidi nishone mapazia ya boti.

Ijumaa, 13 Juni

Nimeshona tangu alfajiri. Kitambaa kizito cha rangi ya samawati, kina bitana, pindo la kushonwa kwa mkono. Nikishona sijui kulipua, hata nikiwa nadanganya. Alasiri niliyapeleka gatini. Boti niliyokodi ina paa la turubai juu ya vyuma vinne, nikafunga fimbo pembeni na nyuma, nikatundika. Fundi alisimama akitafuna, akaizunguka boti, akauliza kama tunakwenda ziwani au harusini. Baadaye nikamwona anapapasa pindo.

Pigo! Mke wangu kamwambia kaka yake. Nahodha amepiga simu kusema naye atatoka na boti yake, atufuate kwa nyuma, kwa ajili ya usalama. Ati hawezi kumwachia mama yake mtu wa mapazia. Nilimwambia karibu. Niliposhusha simu nilisema mengine.

Lakini nimefikiri tena. Vizuri! Ashuhudie kwa macho yake.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nikiwa nimevaa soksi mbili kila mguu. Mambo yamekwenda mrama. Si yote.

Asubuhi ilikuwa nzuri kupita kiasi. Maji shwari, jua la adabu. Mama mkwe alikuja na pochi yake kubwa na mwavuli, akavalishwa jaketi la kuelea juu ya sweta, akakaa mbele akiwa wima. Akayaona mapazia. Akashika kitambaa kwa vidole viwili, akageuza upande wa ndani kutazama mshono, akauliza kama pindo nimelishona mwenyewe. Nikamwambia ndiyo, Mama. Akasema tangu mume wake, aliyekuwa fundi cherehani, afariki hajaona pindo lililonyooka hivi.

Ningeweza kurudi nyumbani saa ile ile nikiwa mshindi. Sikurudi.

Nahodha alikuwa nyuma yetu, peke yake botini, kofia kichwani, mkono kwenye honi. Nikikata kona, honi. Nikienda moja kwa moja, honi.

Tulipofika katikati, pale miti ya ufukweni inapoonekana kama mstari tu, nilipiga moyo konde. Nikamwonyesha mama mkwe na mke wangu ndege mweupe upande wa mbele. Ndege hakuwapo. Wakageuka kutazama. Nikadondosha ncha ya kamba nyuma ya boti.

Ikaelea. Haikuingia popote.

Nikaongeza. Ikazidi kuelea, imenyooka nyuma yetu, inameta. Nikawaonyesha ndege wa pili. Nikaongeza tena. Mke wangu akasema ndege wa leo wana haraka sana. Jasho likaanza. Nikapunguza mwendo, nikatia gia ya kurudi nyuma, kidogo tu, ili propela iifuate kamba badala ya kamba kuifuata propela.

Lahaula!

Bunda lilikuwa kati ya miguu yangu. Likaanza kuzunguka kama pia, likaruka, likanigonga goti, likapita juu ya ukingo na kutumbukia ziwani. Njiani lilijisokota kwenye pazia la nyuma, na pazia nalo likang'oka pamoja na fimbo yake, likaangukia ndani ya boti. Injini ikakoroma. Ikakohoa. Ikanyamaza. Nusu ya kamba imo kwenye propela, nusu imetapakaa juu ya maji pande zote kama tambi.

Nilizima swichi, ingawa hapakuwa na cha kuzima. Nikavaa ule uso wa kwenye kioo. Nikatangaza kwa sauti nzito kwamba watulie, ni hitilafu ndogo ya propela. Mama mkwe akauliza propela ni kitu gani. Nikamweleza: ni kitu chenye mapanga matatu, kipo chini, kinazunguka, ndicho kinachosukuma boti.

"Kumbe feni!" akasema. Tangu hapo ikawa feni.

Nilipoinama kuchukua spana nikamwona amejikunyata. Upepo ulikuwa umeanza, si mkali, lakini ni ule unaotafuta magoti. Nikamuuliza kama anasikia baridi. Akasema kidogo tu, niendelee na feni. Sikuweza kuendelea. Nikayashusha mapazia yaliyobaki, moja nikamvika mabegani, moja nikamfunga miguuni, nikachomeka pindo pembeni lisiingize upepo. Ndipo nikarudi kwenye kazi.

Nikainua injini. Nikachungulia.

Nilitegemea kuona kamba. Niliona kitu kama yai la dhahabu, gumu, linang'aa. Nailoni ilikuwa imepata moto wa msuguano ikayeyuka, ikashikana na mhimili, ikaganda. Nilijaribu kuizungusha propela kinyume. Haikutikisika. Nikachukua kisu. Ni kile kisu cha jikoni ambacho mke wangu ameniomba nikinoe tangu mwezi uliopita. Kikateleza. Nikakandamiza. Kikateleza tena. Kwa mara ya kwanza niliona bidhaa yangu jinsi ilivyo: haikatiki kweli. Nilipata fahari kidogo. Haikudumu.

Basi, hatua ya mwisho. Nikachomoa pini. Nikaitia mfukoni, safi. Nikafungua nati. Nati ikatoka vizuri kabisa, ikakaa kiganjani, ikafikiri, ikaruka. Chubwi! Hapo ndipo nikakumbuka habari ya kitambaa na ndoo.

Sikukata tamaa. Nikaivuta propela kwa mikono miwili, mguu mmoja ukiwa umekanyaga ukingo. Ikagoma. Nikavuta tena. Ikaachia ghafla, pamoja na lile yai la dhahabu, nikaipakata kifuani kama mtoto mchanga. Nimeitoa! Mke wangu akapiga makofi! Mama mkwe akatoa mkono ndani ya pazia akapiga makofi!

Honi.

Nahodha alikuwa amesogea hadi nyuma ya kisogo changu bila mimi kusikia. Nilishtuka roho nusura initoke. Mikono ikafunguka.

Propela ilizama taratibu. Niliiona ikimeta, ikawa kijani, ikawa kivuli, ikawa haipo. Kisha mama mkwe akauliza kwa upole kama feni ina ya akiba.

Haikuwa nayo.

Nahodha alivimba. Alisimama juu ya kiti cha boti yake. Akahutubia. Akasema ndiyo maana alikuja, ndiyo maana mtu hawi mtu wa maji kwa kushona, na mama asiwe na wasiwasi, mwanawe yupo. Akatangaza kwamba atatuzunguka mara moja kisha atatupa kamba ya kutuvuta. Nilimpungia asizunguke. Nilimwonyesha maji kwa vidole vyote kumi. Akadhani nampa heshima, akarudisha saluti.

Alizunguka. Nusu ya bunda ilikuwa inamngoja.

Ikakoroma, ikakohoa, ikanyamaza. Yaani sauti zile zile, kwa mpangilio ule ule! Nahodha akatamka neno ambalo mama yake alimchapia akiwa darasa la tatu, na sauti juu ya maji husafiri. "Nimekusikia!" akasema mama mkwe kutoka ndani ya mapazia. Nahodha akavua kofia.

Sasa tupo boti mbili, tunaelea, hatuna feni hata moja. Simu ya mke wangu haikamati mtandao. Yangu ilikuwa mfukoni mwa shati nilipoinama, kwa hiyo ipo na propela. Ya Nahodha ameiacha kwenye gari ili isilowe.

Nilivuta boti yake kwa kasia hadi zikagusana ubavu, nikahamia kwake. Nikakuta anavuta kamba ya kuwashia injini kwa nguvu zake zote. Nikamwambia aache! Usiwe na haraka! Inua injini kwanza! Akanitazama. Akauliza inainuliwa vipi.

Hajui! Miaka yote na kofia, hajui! Moyo wangu ulitaka kupiga honi. Lakini nilipomtazama, macho yalikuwa kwa mama yake. Nikaacha.

Bahati nzuri injini yake ilinyamaza upesi. Kamba haikuyeyuka yote, ilijifunga tu tabaka juu ya tabaka. Kisu hakikufaa. Mama mkwe akafungua pochi, akapekua, akatoa kikata kucha, akampa mke wangu anirushie. Kwa kikata kucha kile tulikata kamba ya HAIKATIKI, uzi mmoja mmoja, mimi na Nahodha, vichwa vimegusana, mimi nakata yeye anazungusha kinyume. Safari hii nilitandika chini lile pazia lililong'oka. Hata uzi haukuanguka majini.

Kazi ilituchukua hadi jua likaanza kulala. Mama mkwe alikuwa na wakati mzuri. Alisimulia jinsi Nahodha alivyojifungia chooni siku ya mtihani. Alisimulia jinsi mke wangu alivyouza viatu vyake kwa jirani akarudi peku akidai ameibiwa na mbuzi. Alisema hajawahi kuwapata watoto wake mahali ambapo hawawezi kuaga.

Katikati ya hayo Nahodha akasema kwa sauti ya chini, bila kuinua kichwa, kwamba tangu watoto wake waende vyuoni nyumba imekuwa na mwangwi. Akiwasha televisheni anaisikia hadi jikoni. Anajua mama hatamchagua yeye. Ameota hivyo. Anasema mimi ndiye ninayemchekesha.

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli kuhusu kamba. Kabisa! Ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikamwambia ashike pazia vizuri.

Injini yake iliwaka kwa mvuto wa kwanza. Nahodha akanikumbatia, kisha akajifanya alikuwa anafuta mafuta kwenye shati langu. Alituvuta taratibu, bila honi hata moja. Mke wangu aliishika kamba ya kuvutia na kuiinua juu kila ilipolegea, isije ikawa kitoweo cha feni iliyobaki. Mama mkwe alisimamia kwa mwavuli.

Fundi alikuwa gatini anakula. Akaitazama injini ya boti yake. Akatafuta chini ya injini. Akatafuta nyuma yangu. Nikamwambia nitalipa propela mpya bila maneno. Akasema sawa, na yale mapazia yabaki. Banda lake halina dirisha hata moja. Amesema atatoboa.

Jumapili, 15 Juni

Nilipoketi kunywa chai nilikuta kijiuzi cha dhahabu kimezungushwa vizuri kwenye kijiko changu. Mke wangu alikuwa anasahihisha madaftari. Nikasema siku hizi watu wanatupa kamba ovyo ziwani, hawana ustaarabu. Akasema ndiyo, tena kamba nzuri nzuri, zenye lebo ya duka letu. Akaendelea kutia vyema. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Mchana tulikwenda kusikia uamuzi. Nahodha alikuwa amefika kabla yetu, bila kofia. Sikumtambua mara moja. Ana kipara kidogo, kama sahani ya kikombe.

Mama mkwe aliniita jikoni nimsaidie kubeba vikombe. Akafunga mlango.

"Mwanangu," akasema, "jana nilipokuona unalisha ziwa kamba, nilidhani unavua samaki."

Nilikamata meza.

"Nikajisemea, mkwe wangu ananitafutia kitoweo, nisimvunje moyo. Nikawa natazama hao ndege wako. Sasa niambie, ilikuwa ya nini?"

Nikamwambia. Yote, na balbu ndani yake. Nikamwambia nilitaka aone kwamba naweza kutengeneza kitu.

Alicheka hadi akashika jiko. Kisha akanishika sikio, si kwa nguvu, akasema wa kutengeneza anaitwa fundi, na mafundi wamejaa mjini. Boti iliposimama, mwanawe alipanda kiti akahutubia. Mimi nilimtazama yeye. Akasema habari ya kamba itakaa jikoni. Akanipa sinia.

Sebuleni akatangaza: anakuja kwetu. Niliruka! Vikombe viwili havipo tena. Kisha akaongeza kwamba atakaa kwetu mpaka mwaka uishe, na baada ya hapo atakwenda kwa mwanawe, na watu watakuwa wanapokezana kwa zamu, maana nyumba yenye mwangwi si nzuri kwa mtu. Nahodha akageuka dirishani, akatazama nje kwa muda mrefu mahali palipokuwa na ukuta.

Nilimpa mkono. Nilifurahi kwa ajili yake. Kweli nilifurahi, karibu njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jumanne, 17 Juni

Amehamia! Chumba cha chini kimejaa makasha yake, na nyumba nzima inanuka vitunguu vya kukaangwa. Amenisahihisha mara tatu namna ya kukunja shuka. Nimetembea nyumbani nikipiga mluzi kama kijana.

Lakini ile zamu! Nimeitafakari. Mwisho wa mwaka hauko mbali. Yaani nikishamzoea, nimbebe na makasha yake nimpelekee Nahodha kwa mikono yangu mwenyewe? Thubutu.

Leo kwenye chai akasema, hivi hivi tu, kwamba maishani hakuwahi kuogopa maji, wala giza, wala radi. Anaogopa panya tu. Akimwona panya mmoja ndani ya nyumba, halali humo tena.

Nyumba ya Nahodha ni safi kama wodi. Panya hana.

Hana bado.

Mambo ya ziwani yalinishinda kwa kuwa yalikuwa na mitambo. Hapa hakuna mtambo, hakuna nati, hakuna cha kuzama. Jioni nimepita kwa muuza wanyama wa kufuga, nikachagua wawili, weupe, wenye tabia njema. Watakaa kwetu hadi siku ya kuhama ikaribie, kisha watasafiri ndani ya mzigo wa mapazia, zawadi kwa shemeji. Kwa sasa nimewaweka kwenye kasha moja tupu chini ya kitanda cha mama mkwe, mahali ambapo mke wangu hatatafuta kamwe.

Muuzaji ameniapia wote wawili ni madume. Mmoja tumbo lake limejaajaa kidogo, lakini amesema ni shibe tu.